Namna Bunduki Inavyopimwa Uimara na Usahihi Wake kwa Muda Mrefu

Zagayu ni miongoni mwa kata za Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu, wilaya iliyokuwa sehemu ya Bariadi kabla ya mkoa huo kuanzishwa mwaka 2012. Wananchi wa ukanda huu hulima pamba, mahindi na mtama, na hufuga ng'ombe. Si mbali na mashamba yao liko Pori la Akiba Maswa, linalosimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) na kuungana na Hifadhi ya Taifa Serengeti. Tembo hawasomi ramani, na mipaka iliyochorwa ofisini haiwazuii kufuata mahindi yaliyokomaa.

Katika mazingira hayo bunduki ya askari wa uhifadhi si pambo la sare. Ni chombo kinachobebwa kwa miezi mingi bila kufyatuliwa, kwenye vumbi la kiangazi na tope la masika, kisha siku moja kinatakiwa kifanye kazi mara moja na bila kosa. Nyati aliyejeruhiwa anapomkimbilia askari kutoka umbali wa mita 30, hakuna nafasi ya kurekebisha risasi iliyokwama. Ndiyo maana swali la namna bunduki inavyopimwa uimara na usahihi wake kwa muda mrefu linamhusu pia mwananchi ambaye hajawahi kushika silaha.

Umuhimu wa jambo hilo unaonekana pia upande wa pili, wa silaha zilizo mikononi mwa majangili. Tarehe 29 Januari 2016, rubani raia wa Uingereza aliyekuwa akishiriki msako dhidi ya majangili katika Pori la Akiba Maswa alipoteza maisha baada ya helikopta yake kupigwa risasi kutoka ardhini. Wanaolinda wanyamapori wanakabiliana na watu wenye silaha zinazofanya kazi. Wanastahili kupewa silaha ambazo uwezo wake umethibitishwa kwa vipimo, na si kwa mazoea.

Uimara na usahihi ni mambo mawili tofauti

Katika mazungumzo ya kawaida, bunduki nzuri ni ile inayopiga panapolengwa. Wataalamu wa silaha hutenganisha sifa tatu. Ya kwanza ni usalama, yaani uwezo wa mtutu na komeo linalofunga chemba kuhimili nguvu ya mlipuko wa baruti. Ya pili ni uimara, yaani uwezo wa kuendelea kufanya kazi bila kukwama wala kuvunjika baada ya maelfu ya risasi. Ya tatu ni usahihi, yaani risasi kufika karibu karibu mahali pamoja kila inapofyatuliwa katika hali ileile. Bunduki inaweza kuwa na sifa moja na kukosa nyingine. Bunduki ya mashindano ya kulenga shabaha hupiga kwa usahihi wa kushangaza, lakini ikiingiwa na mchanga hukataa kufunga. Bunduki aina ya SMG, jina ambalo Watanzania wengi huitia jamii ya AK iliyobuniwa Urusi mwaka 1947, hukubali vumbi na uchafu mwingi, ila risasi zake hutawanyika zaidi.

Kipimo cha usalama ndicho kikongwe kuliko vyote. Jijini London, chama cha mafundi bunduki kilipewa hati ya kifalme mwaka 1637, na kutokana na hati hiyo kikaendesha nyumba ya kupima mitutu. Mji wa Liège nchini Ubelgiji ulifuata mwaka 1672, na Birmingham mwaka 1813. Mwaka 1914 iliundwa tume ya kimataifa inayojulikana kwa kifupi kama CIP ili vipimo vya nchi mbalimbali vilingane. Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza: bunduki mpya hufyatuliwa kwa risasi maalumu yenye shinikizo linalozidi kiwango cha juu cha kawaida kwa asilimia 25, kisha hukaguliwa kama kuna ufa au sehemu iliyotanuka. Ikifaulu, hugongwa mhuri kwenye mtutu. Mwenye bunduki ya kuwindia iliyotengenezwa katika nchi mwanachama wa tume hiyo anaweza kuuona mhuri huo kama herufi au taji dogo karibu na chemba.

Mhuri huo, hata hivyo, husema jambo moja tu: siku ile silaha ilipotoka kiwandani ilihimili. Hausemi lolote kuhusu miaka 20 iliyofuata.

Kupima usahihi

Ndani ya mtutu wa raifo kuna mifereji iliyojipinda inayoifanya risasi izunguke inapotoka, na mzunguko huo ndio unaoinyoosha angani. Usahihi hupimwa kwa kuifunga bunduki kwenye stendi au kuiegemeza juu ya mifuko ya mchanga, kisha kufyatua risasi kadhaa za shehena moja kuelekea karatasi ya shabaha iliyo umbali unaojulikana, mara nyingi mita 100. Mpimaji hupima upana wa eneo lililobeba matundu yote.

Upana huo hutajwa kwa sentimita, au kwa kipimo cha pembe. Nyuzi moja ya pembe ina dakika 60, na dakika moja ya pembe kwa umbali wa mita 100 ni takribani milimita 29. Faida ya kipimo cha pembe ni kwamba hakibadiliki kwa umbali: bunduki inayotawanya risasi kwa sentimita 10 katika mita 100 itazitawanya kwa takribani sentimita 20 katika mita 200, na sentimita 30 katika mita 300, bila kuhesabu upepo na mkono wa mpigaji.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mtu hufyatua risasi tatu, zikikaribiana hutangaza kwamba bunduki yake ni sahihi, na karatasi hiyo huitunza kama cheti. Risasi tatu hazitoshi kuthibitisha lolote, kwa kuwa bahati pekee inaweza kuzileta pamoja. Makundi kadhaa ya risasi tano, au makundi machache ya risasi kumi, hutoa picha ya kuaminika zaidi, na kwa kawaida picha hiyo huwa pana kuliko mwenye silaha alivyotarajia. Mpimaji makini huandika makundi yote, likiwemo lile baya, na huandika pia kama mtutu ulikuwa wa baridi au umeshapata moto. Kwa askari wa doria, risasi ya kwanza kutoka mtutu wa baridi ndiyo yenye maana kubwa kuliko zote, kwa sababu mara nyingi ndiyo pekee atakayopata nafasi ya kuifyatua.

Kupima uimara

Jaribio la uimara huanza kwa kuandika hali ya bunduki ikiwa mpya: upana wa tundu la mtutu, nafasi iliyopo kati ya komeo na kitako cha risasi ikiwa ndani ya chemba, nguvu inayohitajika kuvuta kifyatulio, kasi ya risasi na upana wa makundi. Bila kumbukumbu hizo za mwanzo, vipimo vya mwisho havina cha kulinganishwa nacho.

Baada ya hapo silaha hufyatuliwa kwa mafungu. Kila baada ya idadi fulani ya risasi huachwa ipoe, husafishwa kwa ratiba iliyokubaliwa na kukaguliwa. Kila kukwama huandikwa: ganda halikutoka, risasi haikuingia chemba, fataki iligongwa lakini haikuwaka. Sehemu zinazobeba mzigo mkubwa, hasa komeo na meno yake yanayofunga, hukaguliwa kwa unga wa chuma na sumaku ili kufichua nyufa zisizoonekana kwa macho. Katikati na mwishoni, makundi ya usahihi hurudiwa kwa risasi za shehena ileile.

Mfano unaojulikana zaidi ni majaribio ya vumbi ya Jeshi la Marekani ya Novemba 2007. Bunduki 10 za kila aina, kati ya aina nne, zilifyatua risasi 6,000 kila moja, yaani jumla ya risasi 60,000 kwa aina, huku zikifunikwa vumbi zito kila baada ya muda. Aina ya XM8 ilikwama mara 127, SCAR mara 226, HK416 mara 233, na M4, iliyokuwa mikononi mwa askari wengi wa nchi hiyo, mara 882. Kwa hesabu ya wastani, M4 ilikwama mara moja katika kila risasi 68, ilhali XM8 ilikwama mara moja katika kila risasi 472.

Takwimu hizo zilizua mjadala mkubwa, na sababu yake ina funzo. Katika jaribio la namna hiyohiyo lililofanyika miezi michache kabla, M4 ilikuwa imekwama mara 307 tu. Silaha ni ya aina ileile na vumbi ni lilelile, lakini matokeo yakatofautiana karibu mara tatu. Jaribio moja, hata likiwa la risasi 60,000, si hukumu ya mwisho. Mnunuzi wa silaha, awe serikali au mtu binafsi, anayesoma tangazo la kiwanda lenye namba moja ya kuvutia ana haki ya kuuliza jaribio lilirudiwa mara ngapi.

Kinachochosha mtutu

Chuma hakichakai kwa kupitiwa na risasi pekee. Sehemu inayoathirika kwanza ni pale chemba inapokutana na mwanzo wa mifereji, ambapo gesi ya moto mkali hupita kwa kasi na kuula uso wa chuma. Kadiri baruti inavyokuwa nyingi na tundu kuwa jembamba, ndivyo mtutu unavyokufa mapema. Bunduki za kasi kubwa sana zinaweza kuanza kupoteza usahihi kabla ya kufikisha risasi 3,000, wakati zile za shinikizo la wastani huenda mbali zaidi ya hapo. Kufyatua mfululizo bila kuacha mtutu upoe hufupisha maisha yake kuliko idadi ya risasi yenyewe. Mitutu ya bunduki nyingi za kijeshi hupakwa kromu kwa ndani ili kupunguza mmomonyoko huo na kutu. Usahihi hupungua kidogo, lakini umri huongezeka.

Dalili ya mtutu uliokwisha huonekana kwenye karatasi ya shabaha bila hitaji la maabara. Makundi hupanuka hadi mara mbili ya yale ya mwanzo, na baadaye tundu moja moja huonekana refu kama la ufunguo badala ya duara. Hiyo ni risasi iliyofika ikiwa imelala ubavu, kwa sababu mifereji haikuweza tena kuizungusha. Silaha iliyofika hapo haifai doria.

Kwa bunduki nyingi za Afrika Mashariki, hata hivyo, adui mkubwa si kufyatuliwa kupita kiasi. Ni kutu. Shehena nyingi za zamani za risasi za .303 na za 7.62 za jamii ya AK zilitumia fataki zenye klorati ya potasiamu. Zikilipuka, huacha ndani ya mtutu chumvi inayovuta unyevu wa hewani, na mtutu uliofutwa kwa mafuta pekee huweza kuanza kuliwa na kutu katika muda mfupi. Mafuta hayayeyushi chumvi. Maji ya moto ndiyo huiyeyusha. Mafunzo ya zamani ya kumwaga maji ya moto mtutuni, kukausha, kisha kupaka mafuta, hayakuwa adhabu kwa kuruta, bali yalikuwa kemia.

Risasi nazo huzeeka

Kupima bunduki bila kupima risasi ni kupima nusu ya kazi. Historia ya Tanzania ina mfano wa wazi. Mwaka 1914, vita vilipoanza, kampuni nyingi za askari wa Ujerumani katika nchi hii zilikuwa bado na bunduki za mwaka 1871 zilizotumia baruti nyeusi. Kila zilipofyatuliwa, wingu la moshi lilimwonyesha adui mahali askari alipo. Katika mapigano ya Tanga ya Novemba mwaka huo, majeshi hayo yalishinda na kuteka mamia ya bunduki za kisasa za Waingereza. Aprili 1915, meli ya Rubens, iliyojificha kwa jina la Kidenmaki la Kronborg, ilifika Ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga ikiwa na bunduki mpya na mamilioni ya risasi. Ilishambuliwa na manowari ya Kiingereza na kuzama kwenye maji ya kina kifupi.

Shehena iliopolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Kwa miezi kadhaa zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, fataki zikabadilishwa pale ilipowezekana, na mafungu yakajaribiwa kwa kufyatuliwa ili kujua ni sehemu gani haiwaki. Mafungu mabovu yalitengwa kwa mazoezi na mengine yakapelekwa vitani. Kazi hiyo ya subira, iliyofanywa chini ya jua la Tanga, ni moja ya majaribio makubwa ya ubora wa risasi yaliyowahi kufanyika katika ardhi ya Afrika Mashariki, ingawa haitajwi sana.

Mfano wa pili unawagusa moja kwa moja askari wa wanyamapori. Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa risasi ya .458 kwa ajili ya wanyama wakubwa, yenye uzito wa takribani gramu 32 na kasi iliyotangazwa kuwa mita 650 kwa sekunde. Ilipata umaarufu haraka barani Afrika, ikiwemo kwa idara za wanyamapori. Baadaye wawindaji waligundua kuwa baadhi ya risasi hazikupenya kama ilivyotarajiwa. Baruti ilikuwa imeshindiliwa kwenye ganda fupi, na baada ya kukaa muda mrefu, hasa kwenye joto, iliganda mabonge na kuwaka vibaya, hivyo kasi ikashuka. Mwaka 1959 Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa na nyati nchini Msumbiji akiwa na bunduki ya namna hiyo, na mwaka 1971 alileta risasi ndefu zaidi inayobeba jina lake. Viwanda baadaye viliboresha baruti, lakini miaka mingi ilikuwa imepita na risasi zilezile zilifaulu majaribio zikiwa mpya.

Kwa sababu hiyo, ghala linalozingatia utaratibu hutunza risasi mahali pakavu na penye ubaridi, huandika namba ya shehena na mwaka wake, na huchukua chache kutoka kila shehena kuzifyatua kwa kipimo cha kasi kabla ya kuzigawa. Nchini, Shirika la Mzinga lililopo Morogoro, ambalo liko chini ya wizara yenye dhamana ya ulinzi na lilianzishwa mwaka 1974, huzalisha risasi.

Silaha za raia na magobore

Umiliki wa silaha za kiraia unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya mwaka 2015. Sheria hiyo inamtaka mwombaji awe na umri usiopungua miaka 25 na awe na cheti cha umahiri, yaani awe amethibitisha kwamba anajua kuitumia na kuitunza silaha. Uhakiki wa silaha unaofanywa na Jeshi la Polisi, kama ule wa nchi nzima wa mwaka 2016, hulinganisha namba iliyogongwa kwenye silaha na ile iliyo kwenye leseni. Kuweka alama kwenye silaha ni wajibu pia chini ya Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 ambayo Tanzania ilitia saini pamoja na nchi nyingine za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika.

Uhusiano wa namba hizo na uchakavu ni wa karibu kuliko unavyoonekana. Mifereji ya mtutu huacha mikwaruzo kwenye kila risasi, na wataalamu wa polisi wa uchunguzi wa kisayansi huitumia kuunganisha risasi na bunduki iliyoifyatua. Mtutu ukizidi kuliwa na kutu au mmomonyoko, mikwaruzo hiyo hubadilika. Silaha iliyotunzwa na yenye kumbukumbu sahihi ni rahisi kuifuatilia. Iliyofukiwa kwenye paa la nyasi kwa miaka kumi ni vigumu.

Gobore liko nje ya utaratibu wote huu. Hakuna nyumba ya vipimo iliyoligonga mhuri, chuma cha mtutu wake hakijulikani kilitoka wapi, na kiasi cha baruti hutegemea kiganja cha anayeijaza. Mtutu unaopasuka huumiza kwanza mkono na uso wa anayeushika. Mwaka 2022 Serikali ilitoa msamaha kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31 kwa waliokuwa wakimiliki silaha kinyume cha sheria ili wazisalimishe kwa hiari bila kushtakiwa.

Kwa mwananchi wa Zagayu au wa kata jirani anayemiliki silaha kihalali, vipimo vichache viko ndani ya uwezo wake. Kabla ya yote, silaha ihakikishwe haina risasi, katika chemba na katika magazini. Mtutu ukaguliwe dhidi ya mwanga kama una kutu, vishimo au uvimbe. Risasi zenye ganda lenye ukungu wa kijani, lililobonyea au lenye ufa zisitumike wala zisitupwe shambani, bali zikabidhiwe kituo cha polisi. Komeo linalofunga kwa ulegevu, fataki zinazotoka zikiwa zimesukumwa nyuma, au ganda linalotoka likiwa limepasuka ni dalili kwamba nafasi ya chemba imezidi kiwango. Silaha hiyo isifyatuliwe tena hadi ikaguliwe na fundi mwenye kibali.

Kuhusu tembo wanaoingia mashambani, askari hutumia kwanza njia za kuwafukuza, yakiwemo mabomu baridi yanayotoa kishindo, na raifo hubaki kuwa njia ya mwisho pale maisha ya watu yanapokuwa hatarini. Mwananchi anayeona wanyama hao anatakiwa kutoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au ofisi ya wanyamapori ya wilaya mapema, kabla giza halijaingia.